Uso wa mtawala ulichelewa kuingia kwenye fedha ya Warumi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji mwenzangu wa Nakuru, aliyetaka picha za viongozi zirudishwe kwenye sarafu zetu. Hoja yake kuu ni kwamba tangu binadamu aanze kupiga fedha, fedha imebeba uso wa mtawala. Ushahidi wake ni ile dinari ya Kirumi aliyoonyeshwa Yesu, akauliza sura na maandishi yale ni ya nani, akajibiwa ni ya Kaisari. Namheshimu ndugu yangu huyu, na Injili hakuikosea. Lakini ameichukua dinari moja akaihesabu kuwa dinari zote. Kabla ya hiyo, dinari iliishi Roma miaka 167 bila kichwa cha Mrumi yeyote aliye hai.

Mimi ni sonara wa Mji wa Kale, Mombasa, mtoto wa sonara. Macho yamepungua na kazi ya moto nimewaachia vijana, lakini fedha naijua kwa uzito wake, kwa sauti yake ikigongwa, na kwa rangi yake ikitoka motoni. Mpwa wangu anayeishi London alinipeleka British Museum, na nilichotamani kukiona kule ni chumba cha sarafu. Mna meza ambapo wageni huruhusiwa kushika baadhi ya vitu vya kale, na mama aliyekuwa akihudumu pale aliniwekea dinari kiganjani. Haikuzidi ukucha wa kidole gumba, na mtu aliyeichonga alikuwa fundi. Toka hapo nimesoma kila nilichoweza kupata kuhusu fedha hizi, na mpwa wangu hunitumia picha zilizokuzwa, ambazo hata macho haya yanaziona.

Dinari za kwanza zilipigwa takriban mwaka 211 KK, Hannibal, jemadari wa Carthage, akiwa bado ndani ya Italia na jeshi lake, na hazina ya Roma ikiwa taabani. Ilikuwa fedha karibu safi, gramu nne na nusu hivi, dinari 72 katika ratili moja ya Kirumi. Upande mmoja kuna kichwa cha Roma, mungu wa kike mwenye jina la mji wenyewe, amevaa chapeo yenye mbawa. Nyuma ya kisogo chake imetiwa alama ya X, kwa kuwa dinari moja ilikuwa sawa na sarafu 10 za shaba. Upande wa pili pacha wawili, Castor na Pollux, wanakwenda mbio juu ya farasi, mikuki mbele, nyota juu ya kofia ya kila mmoja, na chini yao neno ROMA. Jina la mtawala halipo. Kwa masimulizi yao wenyewe, Warumi walikuwa wamewafukuza wafalme wao karne tatu nyuma, na walioongoza sasa ni makonsuli wawili waliochaguliwa kwa mwaka mmoja tu.

Kazi ya kusimamia upigaji wa fedha walipewa vijana, kwa kawaida watatu kila mwaka, waliokuwa ndiyo kwanza wanaingia katika siasa. Karakana yao ilikuwa kwenye kilima cha Capitol, kwenye hekalu la mungu wa kike Juno Moneta. Vijana hawa walijivuna kupitia fedha, tena sana, na hilo silifichi. Ila waliojivunia ni miungu na marehemu. Sextus Pompeius Fostlus, mwaka 137 KK, aliweka mbwamwitu jike akiwanyonyesha Romulus na Remus chini ya mti, na pembeni mchungaji Faustulus aliyewaokota. Ukoo wa Metellus uliweka ndovu, kwa sababu babu yao aliwateka ndovu wa Carthage katika kisiwa cha Sicily mwaka 250 KK. Kila familia ilileta hadithi ya nyumbani kwake.

Sasa nimwombe msomaji wa Nakuru aitazame dinari ya Publius Licinius Nerva, ya mwaka 113 au 112 KK. Mbele yupo Roma na ngao na mkuki. Nyuma, katika nafasi isiyofikia sentimita mbili, fundi amechonga uchaguzi. Kuna ujia mwembamba ulioinuliwa, uliokuwa ukiitwa daraja, ambao raia aliupanda kwenda kupiga kura. Raia mmoja anainama kupokea kibao cha kura kutoka kwa msimamizi aliyesimama chini. Mwenzake amekwishafika mwisho wa daraja na anakitumbukiza kibao chake ndani ya chombo. Miaka michache kabla ya hapo, 119 KK, Gaius Marius alipitisha sheria ya kuyafanya madaraja hayo kuwa membamba, ili mabwana wakubwa wasipate pa kusimama wakamchungulia mtu anayepiga kura au kumtisha. Watu wale wana mwili wa vijiti na vichwa vya nukta tu, na bado unajua yupi anatoa na yupi anapokea.

Nisimame kidogo kwenye ufundi huo, maana ndiko nilikozaliwa. Anayechonga muhuri wa sarafu huchonga kinyume. Pua itakayotokeza huchimbwa shimo, na mkono wa kulia huchongwa kushoto. Muhuri wa chini ulikazwa kwenye fuawe. Kipande kitupu cha fedha kikawekwa juu yake, mara nyingi kikiwa cha moto. Muhuri wa pili ukashikwa juu, na mtu mwingine akashusha nyundo. Hapakuwa na kitu cha kuizuia fedha isitambae pembeni, ndiyo maana dinari nyingi zina picha iliyosogea upande mmoja na ukingo usio duara kamili. Muhuri wa juu ndio uliokula kishindo cha nyundo, ukapasuka mapema, ukachongwa mwingine. Kwa hiyo hata dinari za mtu mmoja za mwaka mmoja hutofautiana, kwa kuwa kila muhuri ulitoka mkononi. Titus Carisius aliwapa mafundi hao haki yao mwaka 46 KK. Kwenye dinari yake aliweka koleo, fuawe na nyundo, na upande wa pili kichwa cha Juno Moneta mwenyewe. Katika picha zote nilizotumiwa hiyo ndiyo niliyoibandika ukutani.

Dinari nyingine mbili au tatu zisinipite. Publius Porcius Laeca, mwaka 110 au 109 KK, alionyesha raia aliyevaa toga akiwa mbele ya afisa wa kijeshi, na nyuma ya afisa msaidizi mwenye fimbo za kuchapia. Chini limeandikwa neno moja, PROVOCO, yaani nakata rufaa. Ni haki ya raia wa Roma kutochapwa wala kuuawa na afisa kabla ya kusikilizwa kwingine. Msomaji wetu anayeijua Injili atamkumbuka Mtume Paulo, aliyetaja uraia wake alipokaribia kupigwa mijeledi, na baadaye akaomba kesi yake ifike kwa Kaisari. Haki ya namna hiyo iliwahi kutembea mifukoni mwa watu, imechongwa kwenye fedha.

Fedha hiyohiyo iliweza kusema dhidi ya Roma pia. Waitalia waliopigana vita vya Roma bila kupewa uraia walipoasi, kati ya mwaka 91 na 88 KK, walipiga dinari zao wenyewe kwa uzito uleule wa Kirumi ili askari wao wazikubali. Kwenye baadhi yake fahali, ambaye ndiye Italia, anamkandamiza na kumchoma pembe mbwamwitu, ambaye ndiye Roma. Maandishi yake si ya Kilatini bali ya Kioska, lugha ya milimani kwao. Vita walishindwa, lakini uraia walipewa.

Je, hapakuwa na walioanza kujisogeza? Walikuwepo. Mwaka 58 KK Marcus Aemilius Scaurus aliweka kwenye dinari mfalme Aretas wa Wanabatea, watu wa Uarabuni, akiwa amepiga goti kando ya ngamia, ananyoosha tawi la kuomba amani. Vita hiyo aliiongoza Scaurus mwenyewe, naye alikuwa hai na jina lake limeandikwa pale. Lakini hata yeye hakuthubutu kuweka kichwa chake. Alijua watu wangemwonaje. Kichwa cha aliye hai kilikuwa jambo la wafalme wa mashariki, wale warithi wa Aleksanda, na kwa Mrumi neno mfalme lilikuwa tusi.

Aliyevunja mwiko ni Julius Caesar, mwanzoni mwa mwaka 44 KK. Seneti yenyewe ilimpa ruhusa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi kila nikilisoma. Kwenye dinari zile ana shada kichwani, shingo nyembamba yenye makunyanzi, na baadhi zimeandikwa kwamba yeye ni dikteta wa daima. Tarehe 15 Machi mwaka huohuo alichomwa visu na maseneta. Mmoja wao, Brutus, alikuwa amepata kusimamia fedha miaka kumi nyuma, akaweka kichwa cha mungu wa uhuru na sura za wazee wa ukoo wake waliosifika kwa kupambana na udhalimu. Ungemtarajia arudi kwenye njia ile ya kale. Mwaka 42 KK, akiwa na jeshi lake mashariki, alipiga dinari yenye majambia mawili na katikati yake kofia ya mtumwa aliyeachiwa huru, na chini tarehe ya mauaji, EID MAR. Upande wa pili akaweka kichwa chake mwenyewe. Aliyeua mtu kwa kosa la kujifanya mfalme alikuwa ameshajifunza kwake tabia ya mfalme, chini ya miaka mitatu tangu uso wa kwanza upigwe.

Baada ya hapo nyuso zikatawala. Antonius, jemadari wa Caesar, akajiweka, akamweka na Cleopatra, malkia wa Misri, upande wa pili. Octavian, aliyewashinda wote wawili, alipiga dinari yenye mamba na maneno ya kwamba Misri imetekwa. Ndiye aliyekuja kuitwa Augustus. Dinari ya Injili inadhaniwa kuwa ya Tiberius aliyemfuata: uso wake mbele, na nyuma mwanamke ameketi na tawi mkononi. Ilipigwa kwa wingi mno, na picha yake haikubadilika karibu muda wote wa utawala wake. Hiyo ndiyo fedha msomaji wa Nakuru anaiita ya tangu zamani. Yesu alipoonyeshwa, kichwa cha mtawala kwenye dinari kilikuwa hakijatimiza hata miaka 80.

Walioshindwa walionekana kwenye fedha kabla ya makaisari, nilishamtaja Aretas. Lakini ilipofika wakati wa Kaisari Vespasian, baada ya Yerusalemu kuanguka mwaka 70 BK, upande wa nyuma wa dinari ulimwonyesha mwanamke wa Kiyahudi ameketi chini, ameinamisha kichwa, na juu yake silaha za taifa lake zimetundikwa. Mahali palepale, kwenye kipande cha ukubwa uleule, Nerva alikuwa ameweka wapiga kura. Kaisari Hadrian, karibu mwaka 130 na kitu, alikuwa mpole zaidi. Alizipa nchi alizozitembelea umbo la wanawake, na Afrika yake ameegemea kwa utulivu, amevaa ngozi ya kichwa cha ndovu na mkononi ana nge. Ni picha nzuri. Ila Afrika ile ni nchi iliyomo katika orodha ya mali za mwenye uso wa mbele.

Sasa nifike kwenye fedha yenyewe, kwa sababu hapa ndipo sonara ana la kusema. Kaisari Nero, mwaka 64 BK, aliipunguza dinari. Ratili, ambayo kufikia wakati wake ilikuwa ikitoa dinari 84 badala ya zile 72 za mwanzo, ikatoa 96, na shaba ikaongezwa ndani. Watawala waliofuata walipandisha kidogo na kushusha tena. Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alikuwa na majeshi ya kulipa, akaifikisha karibu nusu fedha nusu shaba. Mwanawe Caracalla, mwaka 215, alitoa sarafu mpya ambayo uso wake umevikwa taji la miale ya jua. Inaaminika ilipewa thamani ya dinari mbili, lakini haikuwa na uzito wa dinari mbili, ulikuwa wa moja na nusu. Hadi mwisho wa utawala wa Gallienus, mwaka 268, sarafu hiyo ya miale ilikuwa na fedha chini ya sehemu 5 katika 100.

Watu hawakuona mara moja, na mimi najua kwa nini. Ukichanganya fedha na shaba nyingi kisha ukaichoma, shaba ya juu hugeuka nyeusi. Ukiitia kwenye kitu kikali, sisi tumetumia ndimu na ukwaju, ule weusi hutoka na kuacha ngozi nyembamba ya fedha peke yake. Ukiifua inang'aa kama safi. Karakana za Warumi ziliijua kazi hii, na wataalamu wameikuta kwenye dinari walizozipima: ngozi ina fedha nyingi kuliko nyama. Sonara akimfanyia mteja hivyo na kumwambia bangili ni fedha tupu, ni mwizi. Na kadiri fedha ilivyopungua ndani, taji juu ya kichwa cha mtawala lilizidi kupambwa.

Waliokuwa mbali na Roma walipima, hawakusujudia sura. Plinius, mwandishi wa Kirumi, ameandika kisa cha Mrumi aliyesukumwa na pepo hadi kisiwa cha Sri Lanka wakati wa Kaisari Claudius. Mfalme wa kule alizitazama dinari zake, akaona nyuso zake ni za watu tofauti lakini uzito ni mmoja, na uzito ndio uliomfanya aone kwamba Warumi ni watu wa kuaminika. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, naye, mwaka 98 BK, anasema Wajerumani walizikataa fedha mpya wakataka zile za kale walizozizoea, zenye ukingo wa meno na zenye gari la farasi wawili. Hizo ni fedha za kabla ya makaisari, na picha yake kwa Mjerumani ilikuwa alama kwamba fedha haijachanganywa.

Hapa pwani kwetu tuliishi hivyo hivyo. Reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780, iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile ya 1780 vizazi na vizazi baada yake, na Zanzibar, Oman na Uhabeshi zote ziliipokea. Hakuna mzee wa Mombasa aliyeipokea kwa kumpenda malkia. Waliipokea kwa sababu ilikuwa na gramu 28, sehemu tano katika sita zikiwa fedha, na haikuwahi kuwageuka. Baba yangu ameziyeyusha nyingi kuwa mitali na bangili. Na nikirudi kwenye dinari, yule mfanyabiashara Mgiriki wa Misri aliyeandika habari za safari za Bahari ya Hindi katika karne ya kwanza BK anasema dinari chache zilifaa kupelekwa Adulis, bandari ya Bahari ya Shamu, na chache nyingine za dhahabu na fedha Malao, ambayo ni Berbera ya leo. Akifika Rhapta, soko la mwisho kwenye mwambao wetu, hataji dinari. Anataja mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo, vikabadilishwa kwa pembe za ndovu na za kifaru na magamba ya kasa. Wazee wetu wa Rhapta walichukua chuma walichoweza kukitumia.

Kwa hiyo namwomba ndugu yangu wa Nakuru asiitumie Roma kutetea anachokitaka. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 231, inaruhusu noti na sarafu zibebe picha zinazoiwakilisha Kenya, na inakataza picha ya mtu binafsi. Sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Anaweza kusema kifungu hicho kibadilishwe, ni haki yake, na aseme kwa sababu za leo. Akisema dunia yote ilianza na nyuso, atakuwa ameifuta Roma ya miaka 167 iliyoweka kwenye fedha yake pacha, mbwamwitu, nyundo na wapiga kura.

Nawe Mhariri, ulipochapisha barua yake uliweka kando yake picha ya dinari ya Tiberius. Nakuomba barua hii nayo ipate picha: dinari ya Nerva, upande wa nyuma, ikuzwe kadiri nafasi inavyoruhusu, ili wasomaji wamwone yule raia anayeinama kupokea kibao chake.

Sonara mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa